Protini ya ABL1 ya maabara: kabla hujatangaza kwamba mmea wako "unazuia saratani", tuzungumze kidogo

Mwanabafa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Siku hizi nasoma tasnifu nyingi za uzamili na machapisho ya vijana wetu yenye sentensi ya namna hii: "Ekstrakti ya majani ya mmea fulani ilizuia tairosini kainesi kwa asilimia 80, hivyo inafaa kutibu saratani." Wiki mbili baadaye sentensi hiyo inazunguka WhatsApp ikiwa na picha ya mmea na namba ya muuzaji. Mimi nafanya kazi na protini hizi kila siku, na jambo hili linaniuma. Vijana hawadanganyi, namba wameipima kweli. Ila hawakuambiwa kwamba namba ile ni ya protini iliyokuwa kwenye tyubu yao, kwa hali iliyokuwa nayo siku ile. Ukitaka kujua namba ina maana gani, anza kwa kuijua protini.

Nitatumia ABL1 kama mfano, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri na imeleta dawa ambayo watu wanaimeza leo hapa kwetu.

Tairosini kainesi ni kimeng'enya kinachochukua fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli ya nishati ya seli, na kuibandika kwenye tairosini (moja ya asidi amino) ya protini nyingine. Kubandikwa kwa fosfeti hiyo ni amri: seli igawanyike, isogee, isife. Binadamu tuna jeni 90 za kundi hili: 58 ni za vipokezi vinavyokaa kwenye utando wa seli, 32 ni za protini za ndani. ABL1 ni ya ndani.

Kwamba tairosini inabandikwa fosfeti kulijulikana mwaka 1979, kwa Tony Hunter wa Taasisi ya Salk kule California. Alitumia bafa (mchanganyiko wa kutunza pH) ya zamani ambayo pH yake ilikuwa imeshuka hadi karibu 1.7 badala ya 1.9, na tofauti hiyo ndogo ikaitenganisha fosfotairosini (tairosini yenye fosfeti) na fosfothreonini (threonini yenye fosfeti), ambazo kwa bafa mpya zingekwenda pamoja na asingeona kitu. Naitaja habari hii kwa sababu ninyi wenye haraka ya kutupa matokeo "ya ajabu" mnapaswa kwanza kuandika bafa ilikuwa ipi.

Upande wa ugonjwa, Nowell na Hungerford waliona mwaka 1960, mjini Philadelphia, kromosomu fupi isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa saratani sugu ya damu aina ya mailoidi, yaani CML. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago akaonyesha kwamba kipande cha kromosomu 9 na kipande cha 22 vimebadilishana nafasi. Baadaye ikaeleweka kwamba pale vinapoungana ndipo ABL1 inaposhonwa na jeni nyingine, BCR. Protini inayozaliwa hapo, BCR-ABL, haizimiki. Inatoa amri ya kugawanyika usiku na mchana.

ABL1 ya kawaida inajizima yenyewe. Mwanzoni mwa aina moja ya ABL1 kuna mnyororo wa mafuta unaojikunja na kuingia kwenye kishimo nyuma ya sehemu ya kazi, na protini nzima inafunga. BCR inapokaa mahali pale, kufuli hilo linapotea. Shikeni jambo hili, nitalirudia.

Sasa, hii ya maabara inatengenezwaje? Hakuna anayekamua damu ya mtu. Unachukua jeni ya binadamu, unaiingiza kwenye kiumbe kingine kinachokua haraka, kiumbe kile kinakutengenezea protini, nawe unaisafisha. Kwa kainesi nyingi kiumbe hicho ni seli za mdudu ziitwazo Sf9. Wakulima wa mahindi, msishangae: Sf ni Spodoptera frugiperda, yaani kiwavijeshi vamizi, huyu huyu ambaye kufikia 2017 alikuwa ameshaingia mashamba ya Tanzania na Kenya. Seli zake, zilizotokana na ovari za pupa (hatua kati ya kiwavi na nondo), zinakuzwa kwenye chupa kwa nyuzi 27 hivi, zinaambukizwa kirusi cha wadudu kilichobebeshwa jeni ya binadamu, na baada ya siku chache zinavunwa. Zinapendwa kwa sababu zinakunja protini kubwa za binadamu vizuri kuliko bakteria.

Kisha kuna mkia. Ili uivue protini yako kutoka kwenye mchanganyiko, unaibandika kipande cha kushikia. Wengine wanaweka histidini sita, zinazonasa kwenye safu ya nikeli. Wengine wanaweka protini nzima iitwayo GST. Na hii GST asili yake ni mnyoo wa kichocho, Schistosoma japonicum wa Asia, ndugu wa yule wa Ziwa Victoria. Watafiti wa Melbourne walikuwa wakiichunguza kwa ajili ya chanjo ya kichocho, na mwaka 1988 ikachapishwa kama kifaa cha kusafishia protini.

Basi ukinunua kijichupa kilichoandikwa "ABL1 ya binadamu", ndani yake mna jeni ya mtu, kazi ya kiwavi, na pengine mkia wa mnyoo wa kichocho. Yote hayo yanaathiri namba yako. GST hupenda kukaa mbili mbili. Zikikutana, kainesi mbili zinaletwa karibu, zinabandikana fosfeti zenyewe kwa zenyewe, na protini inaamka kuliko ilivyo kwenye seli.

Sasa yale manne ninayowaomba vijana wayaandike kila wanapotaja matokeo.

Kwanza, ni kipande gani. ABL1 nzima ina asidi amino zaidi ya 1,100. Vijichupa vingi vina sehemu ya kazi tu, takriban 280, bila lile kufuli la mafuta na bila mkia mrefu wa nyuma. Dawa ya asciminib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021, inaingia kwenye kishimo kile cha mafuta. Ukiipima kwa kipande ambacho sehemu zinazopokea kufuli hilo zimekatwa, unaweza kuona haizuii kitu na ukaitupa dawa nzuri.

Pili, imebandikwa fosfeti au haijabandikwa. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanapopita mbio. Imatinib, dawa iliyobadilisha historia ya CML, inaishika ABL ikiwa imelala, kitanzi chake cha kuamsha kikiwa kimejikunja. Protini ambayo tairosini ya kitanzi hicho imeshabandikwa fosfeti imeamka, na imatinib inaipata kwa shida. Kwa hiyo watu wawili, kila mmoja na kijichupa kilichoandikwa ABL1, wanaweza kupata nguvu za imatinib zinazopishana mara nyingi, na wote wawili wamepima sawasawa. Dasatinib haijali sana, inaishika ikiwa imelala au imeamka.

Tatu, ATP kiasi gani. Ndani ya seli ATP ni milimola 1 hadi 5. Kwenye tyubu wengi wanaweka maikromola 10. Vizuizi vingi vinagombania kishimo kile kile na ATP. Tuseme Km ya ATP kwa protini yako, yaani kiasi cha ATP kinachoipa nusu ya kasi yake ya juu, ni maikromola 10. Ukiweka ATP maikromola 10, IC50 utakayopata (kiasi cha kizuizi kinachopunguza kazi kwa nusu) ni mara 2 ya Ki (kipimo cha jinsi kizuizi chenyewe kinavyoshika protini). Ukiweka milimola 1, inakuwa mara 101. Kemikali ni ile ile, protini ni ile ile. Atakayekwambia "IC50 ni nanomola 50" bila kutaja ATP hajakwambia lolote.

Nne, kontroli. Tyubu isiyo na kimeng'enya, isiyo na ATP, isiyo na kipokea fosfeti, yenye DMSO (kimiminika cha kuyeyushia kemikali) peke yake, na yenye kizuizi kinachojulikana.

Karibuni. Maswali yote nitajaribu kuyajibu.

---

Chuo_Kishuani

Mkuu, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, na nimepima ekstrakti ya mizizi kama ulivyosema. Nilitumia kiti (kit, seti ya vipimo) inayopima ADP, yaani ATP iliyokwisha kutoa fosfeti, kwa mwanga. Maikrogramu 100 kwa mililita, uzuiaji asilimia 85. Msimamizi amefurahi sana. Sasa nianzie wapi kujua kama ni kweli?

---

Mwanabafa

Hongera kwa kupima, na hongera zaidi kwa kuuliza. Fuata njia hii kwa utaratibu.

Kiti yako inageuza ADP kuwa ATP, kisha lusiferasi inaitumia ATP hiyo kutoa mwanga. Ekstrakti ikimzuia lusiferasi, au ikiwa na rangi nzito inayomeza mwanga, utaona mwanga umepungua na utasema kainesi imezuiwa. Kwa hiyo chukua ADP yenyewe, usiweke kainesi kabisa, weka ekstrakti, pima. Mwanga ukipungua hapo, tatizo si kainesi.

Halafu tanini. Mizizi na magome yana tanini na polifenoli kwa wingi, nazo hushikamana na karibu kila protini. Zitazuia kainesi, zitazuia amilesi, zitazuia chochote utakachoweka mbele yao. Ziondoe kwa polivinilipirolidoni, kisha rudia. Ongeza pia Triton X-100 kiasi cha asilimia 0.01 kwenye bafa yako. Kemikali nyingi zisizopenda maji hujikusanya vibonge vidogo sana vinavyofunika kimeng'enya, na sabuni kidogo huvivunja vibonge hivyo. Uzuiaji ukitoweka baada ya sabuni, hukuwa na kizuizi, ulikuwa na vibonge.

Mwisho, ipime dhidi ya kimeng'enya kingine kisichohusiana kabisa. Ikizuia vyote viwili kwa nguvu ile ile, msimamizi apunguze furaha kwanza.

---

Mti_Mkavu

Mleta uzi nakuheshimu, lakini naona ninyi wa maabara mna tabia ya kuzidharau dawa zetu. Babu zetu walitibu kwa mizizi karne na karne. Mzungu akipima asilimia 85 anapewa hela, kijana wetu akipima mnamwambia apunguze furaha.

---

Mwanabafa

Mzee wangu, sidharau, na nitakujibu kwa heshima yote.

Vincristine, inayowatibu watoto wenye saratani ya damu hapa hapa kwetu, imetoka kwenye ua la Catharanthus roseus, asili yake Madagaska, ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Artemisinini ya malaria imetoka kwenye mmea. Hata kwenye kainesi zenyewe, genisteini, iliyoelezwa mwaka 1987 kuwa kizuizi cha tairosini kainesi, inapatikana kwenye soya. Mimea ina mambo makubwa.

Lakini genisteini haijawa dawa ya saratani, kwa sababu inagusa vitu vingi mno na kwa nguvu ndogo. Vincristine imekuwa dawa kwa sababu kuna watu waliitenga molekuli moja kutoka kwenye ua, wakajua uzito wake, wakajua inashika nini, kisha wakaipima kwa wagonjwa. Ninachotaka kwa mizizi ya kijana huyu ni hicho hicho. Kama mna kitu mle ndani, kitavuka majaribio niliyomwambia, na hapo atakuwa na jambo ambalo hakuna atakayeweza kumpuuza, awe wa Basel au wa Boston. Ningemdharau kama ningemwachia aende mkutanoni akaulizwa swali la tanini mbele ya watu bila jibu.

---

Mti_Mkavu

Nimekuelewa. Hapo kwenye vincristine umenifundisha.

---

Dada_wa_Moro

Samahani wakuu, mimi si mtu wa maabara. Kaka yangu ana saratani ya damu, wametuambia ni CML. Nimeona mtandaoni wanauza hii protini ya ABL. Naweza kumnunulia imsaidie? Bei yake ni kubwa, lakini tungechanga.

---

Mwanabafa

Dada yangu, pole sana, na nashukuru umeuliza kabla ya kununua. Tafadhali msinunue. Protini hii si dawa. Ikiungana na BCR ndiyo inayoleta ugonjwa, na hiyo kaka yako tayari anayo kupita kiasi kwenye seli zake. Ile ya kwenye kijichupa imetengenezwa kwa ajili ya tyubu za watafiti, na haijasafishwa kwa kiwango cha kuingia mwilini mwa mtu. Chupa zake huandikwa hivyo wazi: kwa utafiti tu.

Habari njema ni kwamba CML ni katika saratani zenye dawa nzuri mno. Imatinib, niliyoitaja juu, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998 na Brian Druker kule Oregon, Marekani ikaiidhinisha Mei 2001, na tangu 2015 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ni kidonge cha kumeza. Kabla yake wagonjwa wengi waliishi miaka michache. Wanaoitumia vizuri leo, wengi wao wanaishi na kufanya kazi zao. Kwa miaka mingi imewafikia wagonjwa wasio na uwezo kupitia mpango wa msaada unaosimamiwa na The Max Foundation. Kwa Tanzania wagonjwa walikuwa wakihudumiwa Ocean Road, na kwa Kenya kupitia Nairobi Hospital. Muulizeni daktari wa kaka yako, kwa jina, kuhusu msaada wa imatinib. Fedha mnazotaka kuchanga ziwe nauli za kliniki na vipimo.

Muulizeni pia kipimo cha BCR-ABL. Mashine ya GeneXpert, ile ile inayopima kifua kikuu, ina katriji yake ya kupima BCR-ABL. Kipimo hicho ndicho kinachoonyesha kama dawa inafanya kazi. Na asiache kumeza kwa sababu amepata nafuu, hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa.

---

Dada_wa_Moro

Asante sana. Kliniki yake ni Jumatano, nitaenda naye niulize. Na je, dawa ikigoma?

---

Mwanabafa

Inaweza kugoma, na hapo tena protini ya maabara ndiyo iliyosaidia kueleza sababu. Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba kwa baadhi ya wagonjwa asidi amino moja tu ya ABL imebadilika: nafasi ya 315, threonini imekuwa isoleusini. Tunaiita T315I. Imatinib inakosa mahali pa kushika. Watafiti wakatengeneza protini yenye badiliko hilo, wakaipima kemikali baada ya kemikali, na ponatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, inaishika hata hiyo. Kabla yake zilishakuja dasatinib na nilotinib kwa mabadiliko mengine mengi. Kwa hiyo zipo njia nyingine. Daktari ndiye atakayechagua, na atachagua kwa vipimo. Mungu amjalie kaka yako nafuu.

---

Pipeti_ya_Pwani

Mkuu, nirudishe kwenye benchi. Sisi huku bajeti ya kuagiza kijichupa cha maikrogramu 10 ni ya kulilia, na barafu kavu inaisha kabla mzigo haujatoka forodhani. Haiwezekani tuitengeneze wenyewe kwenye E. coli?

---

Mwanabafa

Inawezekana, na ningependa kuona maabara zetu nyingi zikifanya hivyo. Tatizo la E. coli ni kwamba tairosini kainesi iliyoamka humdhuru bakteria, inabandika fosfeti kwenye protini zake hovyo. Anakua vibaya, au anakutengenezea protini iliyojikunja vibaya isiyoyeyuka. Suluhisho lilichapishwa mwaka 2005 kwa ABL na kainesi nyingine, SRC: bakteria apewe jeni mbili kwa pamoja, ya kainesi na ya YopH, fosfatesi kutoka kwa bakteria Yersinia inayong'oa fosfeti zile kadiri zinavyobandikwa. Unamkuza kwa baridi, nyuzi 18, usiku kucha. Unavuna protini ya sehemu ya kazi, inayoyeyuka.

Faida nyingine kubwa ni kwamba protini hiyo inatoka bila fosfeti, yaani imelala, na imatinib inaishika vizuri. Ukitaka iliyoamka, unaipa ATP na magnesiamu ijibandike yenyewe, kisha unaisafisha tena. Unakuwa na hali zote mbili kwa asili moja, jambo ambalo hata wanaonunua wengi hawana. Hakikisha tu YopH imeondoka yote kwenye safu, vinginevyo itakuwa inang'oa fosfeti unayojaribu kuipima.

---

Pipeti_ya_Pwani

Hili la YopH sikulijua kabisa. Na kuhusu umeme? Friza yetu ya nyuzi 80 chini ya sifuri inazimika mara kwa mara.

---

Mwanabafa

Igawe siku ile ile ulipoisafisha au ulipoipokea. Tyubu ndogo ndogo za maikrolita 5 au 10, za matumizi ya mara moja, zigandishwe ghafla kwenye naitrojeni kimiminika kama ipo. Bafa iwe na gliseroli na DTT (kemikali inayoikinga protini na oksijeni). Ukiyeyusha, yeyusha juu ya barafu, na kilichobaki usikirudishe. Kuyeyuka na kuganda tena ndiko kunakoua kazi ya kimeng'enya, na hutaona kwa macho, kwa sababu kwenye jeli bado utaona mstari mzuri wa uzito sahihi.

Kwa friza inayozimika, zitawanye tyubu kwenye friza mbili zisizo kwenye laini moja ya umeme, na kila mwezi pima tyubu moja kwa kazi yake, fosfeti ngapi kwa dakika kwa miligramu. Andika. Kazi ikishuka, matokeo yote ya baada ya tarehe ile yawekewe alama.

Jambo jingine dogo: ukiizimua hadi nanomola, protini inanata kwenye kuta za plastiki na kupotea. Weka BSA (protini ya damu ya ng'ombe) kidogo kwenye bafa ya kuzimulia.

---

Chuo_Kishuani

Mkuu nimerudi. Nimeongea na msimamizi, amekubali nirudie na Triton na kipimo cha lusiferasi. Ila fedha ya kontroli inatosha kizuizi kimoja tu. Ninunue imatinib au dasatinib?

---

Mwanabafa

Kwanza angalia karatasi ya protini yako. Inasema ilitengenezwa wapi, ina mkia gani, na imebandikwa fosfeti?

---

Chuo_Kishuani

Seli za Sf9, mkia wa GST, asidi amino kuanzia 27 hadi mwisho. Fosfeti haikutajwa.

---

Mwanabafa

Basi hesabu kwamba imeamka, angalau kwa sehemu kubwa. Nunua dasatinib. Ikikupa mkunjo mzuri kuanzia nanomola chache, utajua protini yako iko hai na jaribio lako linasoma kizuizi cha kweli. Imatinib kwa protini hiyo ingeonekana dhaifu, nawe usingejua kama tatizo ni mikono yako au ni hali ya protini. Andika kwenye sehemu ya mbinu yote uliyonitajia hapo: Sf9, GST, 27 hadi mwisho, na ATP uliyotumia. Ukipata matokeo ya Triton, yawe mazuri au mabaya, yaweke hapa tuyaangalie pamoja.